Kumpa fundi kitabu cha babu akijalidi upya: tukubaliane nini kabla hajakigusa?

Binti wa Dunda (Bagamoyo)

Assalaam alaykum wakubwa zangu, na kwa wengine habari za kutwa. Ninaishi Dunda, hapa Bagamoyo, na nimeachiwa kitabu kilichoandikwa kwa mkono na babu mzaa baba. Kina karatasi 96. Nusu ya kwanza ni kasida na dua alizozinakili kwa hati ya Kiarabu, na nusu ya pili ni kumbukumbu za nyumba yetu: nani kazaliwa mwezi gani, minazi ipi iliwekwa rehani na kwa nani, nani alikopa gunia la mchele na siku aliyolirudisha. Pambizo nazo zimejaa, kwa sababu alipokosa nafasi aliandika kwa kuuzunguka ukurasa. Jalada lake la ngozi limekatika mgongoni, uzi umeoza, karatasi kama ishirini zimechomoka, na zamani ami yangu mmoja, kwa nia njema kabisa, alizishika zilizopasuka kwa selotepu ambayo sasa imegeuka rangi ya chai.

Kila Mfungo Sita kitabu hiki husomwa kwenye maulidi ya nyumbani kwetu, lakini safari hii wazee wameogopa hata kukifungua. Nimempata fundi anayejalidi vitabu nyumbani kwake, mtu mpole, na kazi alizonionyesha, nyingi zikiwa ni misahafu na daftari za hesabu, zimenyooka vizuri. Amenitajia shilingi 150,000, nusu niitangulize, na kazi iishe kwa wiki 2. Anapendekeza azikate kingo zote tatu kwa mashine ili zilingane, apake gundi nyeupe ya seremala mgongoni, kisha avike jalada jipya la ngozi bandia nyekundu lenye jina la babu kwa herufi za dhahabu. Sijawahi kuagiza kazi ya namna hii maishani mwangu. Nimuulize nini, tuandikiane nini, na kipi nisimruhusu?

Mama Zuhura (Tanga)

Waalaykumu salaam dada yangu. Kabla hujasoma majibu ya wajuzi nakuomba jambo moja tu: usikubali kingo zikatwe, hata kwa upana wa unyasi. Marehemu baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi kati ya Pangani na Pemba, na aliacha daftari la shehena lililochakaa kama hilo lako. Nililipeleka kwa fundi mmoja, ambaye simtaji kwa kuwa hakunidhulumu, nikamwambia kwamba nataka lipendeze. Kweli likapendeza. Lilirudi limenyooka kama limetoka dukani, na pambizo ambamo baba aliandika siku za kuondoka na hali ya upepo zimekwenda na mashine, zikabaki tarakimu zilizokatwa katikati ambazo mpaka leo sijui kama ni 3 au ni 8. Nilipomrudia aliniuliza kwa upole kama nilimweleza kuwa maandishi yale ya pembeni yana maana. Sikuwa nimemweleza, yeye alidhani ni michoro ya watoto. Hata vile vipande vilivyokatwa sikuviomba siku ileile, na nilipovikumbuka vilikuwa vimeshachomwa pamoja na takataka.

Kwa hiyo kaa naye kitako, mfungulie kurasa zile zenye pambizo zilizojaa, na umwonyeshe kwa kidole.

Sindano na Uzi (Makorora, Tanga)

Mimi hujalidi vitabu kwa kipato changu, na mama hapo juu amenipunguzia nusu ya maneno. Nianze na lile ambalo fundi wako hakukuuliza, na ambalo mimi humuuliza kila mteja kabla sijataja bei: kitabu kikisharudi, kitafanya kazi gani? Maana chako kimebeba kazi mbili zinazogombana. Kinatakiwa kisomwe kwa sauti usiku wa maulidi, kipite mikono kumi, kifunguliwe chali penye moshi wa udi na vikombe vya kahawa. Na papo hapo kinatakiwa kihifadhi ushahidi wa rehani na vizazi. Ukikitengeneza kiwe imara kwa kazi ya kwanza, utakiharibu kwa ile ya pili. Ningekushauri umpe fundi kazi mbili tofauti zenye makubaliano mawili tofauti: cha zamani kitibiwe kwa kiasi kidogo kabisa kinachotosha karatasi zisipotee, kisha kipumzike ndani ya kasha, na kutokana na picha zake kitengenezwe kitabu kipya cha kusomea, na hicho ndicho kivikwe nyekundu na dhahabu.

Kuhusu cha zamani, suala kubwa ni gundi. Gundi nyeupe ya seremala ikishakauka haitoki bila kung'oa nyuzi za karatasi pamoja nayo, ilhali gundi iliyopikwa kwa unga wa ngano hulainika tena kwa maji, na fundi wa miaka hamsini ijayo ataweza kuifungua kazi ya huyu wa leo bila kulia. Fundi akikwambia gundi ya ngano huita wadudu, anasema kweli, na dawa yake ni kuipaka nyembamba mno na kukiweka kitabu pakavu. Lakini gundi hiyo ina maji, na wino mwingine wa zamani huyeyuka, hivyo mwambie aguse kwanza nukta moja isiyo na umuhimu kwa pamba yenye unyevu kidogo aone kama itatoa rangi. Ikitoa, karatasi hiyo isipakwe chochote penye maandishi.

Mshono nao upite katika matundu yaleyale ya zamani, yasitobolewe mapya. Uzi uwe wa kitani, uliopitishwa kwenye nta ya nyuki. Nasema kitani, si katani. Sisi wa Tanga tumezungukwa na mkonge na kila mara hutokea mtu mwenye uzalendo anayetaka kitabu chake kishonwe kwa zao la mkoa, lakini nyuzi za mkonge ni ngumu na zina makali, zitaikata karatasi penye mkunjo kama msumeno. Asipopata kitani, uzi imara wa pamba unafaa kuliko nailoni, ambayo ni laini, huteleza fundo, na ikivutwa karatasi hupasuka kabla yake.

Jalada usilitupe. Umesema limekatika mgongoni tu, na hilo hutibika kwa kuinua kingo za ngozi ya zamani na kupitisha ukanda mpya wa ngozi nyembamba ya mbuzi chini yake. Angalia pia kama lina ulimi, yaani kile kipande cha tatu kinachojikunja kutoka jalada la nyuma na kuingia chini ya lile la mbele, kwa sababu vitabu vingi vya hati ya Kiarabu vilijalidiwa hivyo, mgongo wao ukiwa bapa na jalada likilingana sawasawa na karatasi bila kuzidi. Fundi aliyezoea daftari za hesabu anaweza kuuona ulimi kuwa ni kipande kilichozidi akaukata, au akatengeneza jalada linalozidi karatasi pande zote, na kitabu hicho kikisimamishwa kabatini karatasi zitaning'inia kwa uzito wake na kuuvuta mshono. Vitabu vya namna hiyo vililazwa, havikusimamishwa. Na usicheke, lakini mwandikie wazi kwamba mgongo ni upande wa kulia ukikitazama kitabu usoni. Nimekwishaletewa msahafu uliojalidiwa kinyume.

Selotepu ya ami yako isivutwe kwa kucha. Ile ambayo plastiki yake imeanza kuachia yenyewe huinuliwa polepole kwa ubapa wa kisu butu kilichopashwa moto kidogo. Ile iliyokaa juu ya wino na kushikilia barabara, aiache. Doa la rangi ya chai halitatoka, na fundi atakayekuahidi kuwa litatoka usimpe kitabu.

Kibarua wa Magomeni (Bagamoyo)

Kwa heshima zote, naona mnamtisha dada wa watu. Shilingi 150,000 ni pesa nyingi kwa kitabu kimoja, wakati stesheneri yoyote mjini itakifunga kwa waya wa plastiki kwa elfu chache, tena ukingoja hapo hapo dukani. Kilicho na thamani ni maneno. Picha zikishapigwa maneno yako salama, na hiyo ngozi ya mbuzi inabaki kuwa mapambo tu.

Sindano na Uzi (Makorora, Tanga)

Ndugu yangu Kibarua, mashine ya ule waya hutoboa safu nzima ya matundu ukingoni mwa kila karatasi, na huyu dada ametueleza kuwa ukingoni ndiko babu yake alikoandika. Kwa kitabu kipya cha kusomea sina ugomvi nawe, kama wazee wa nyumba wataridhia kukiona kimefungwa kama ripoti ya ofisi.

Bei nayo hebu tuipige hesabu. Karatasi 96, kila moja ikichukua dakika 10 za kufagiwa vumbi kwa brashi laini, kunyooshwa na kubandikwa kipande chembamba penye mkunjo uliopasuka, ni saa 16, na hapo sindano haijashikwa. Mimi nikisikia wiki 2 na shilingi 150,000 zikiwa zimejumlisha ngozi, dhahabu na kila kitu, wasiwasi wangu ni kwamba kazi ya kuitibu karatasi haimo ndani ya hesabu kabisa. Ndiyo maana akakuambia atakata na kupaka gundi, kwa kuwa hiyo ni kazi ya siku moja.

Mstaafu wa Nyaraka (Bagamoyo)

Binti yangu, nimefanya kazi ya kutunza nyaraka miaka mingi na nitasema machache ambayo fundi hatakwambia kwa kuwa si yake kuyasema.

La kwanza, kitabu hiki ni cha nani? Umesema umeachiwa, lakini ndani yake mna rehani za minazi na madeni, na katika nyumba zetu kitabu kama hicho ni cha warithi wote hata kikilala kabatini kwa mmoja. Waite, au wapigie simu, wajue kinakwenda wapi na kwa muda gani. Nimeona ndugu wakikosana kwa jambo dogo kuliko hili, na mmoja akadai kwamba ukurasa wenye jina la baba yake ulitolewa makusudi kwa fundi.

Hiyo pia ndiyo sababu ya kupiga picha kabla kitabu hakijatoka nyumbani. Kiweke karibu na dirisha pasipo jua la moja kwa moja, simu isimame juu ya kitu imara ili itazame ukurasa wima bila kupinda, mtu mmoja afungue na mwingine apige. Piga kila ukurasa hata ulio mtupu, piga jalada ndani na nje, piga na uzi uliooza ulivyopita, na kwenye picha za mwanzo laza rula pembeni ili vipimo vijulikane. Nakala zikae mahali pawili, na pasiwe simu moja yenye kadi mbili.

Makubaliano yaandikwe, ukurasa mmoja unatosha, kila upande ubaki na nakala. Yaseme idadi ya karatasi mlizozihesabu pamoja siku ya kumkabidhi. Kwamba hakuna kukata, kutoboa upya wala kupaka gundi isiyotoka kwa maji. Kwamba akikuta jambo lisilotarajiwa atasimama na kukupigia simu. Na kwamba kila kilichotoka kwenye kitabu, iwe kipande cha uzi, ngozi iliyochakaa au mabaki ya karatasi, kitarudi ndani ya bahasha. Muulize pia kitabu kitalala wapi usiku. Si dharau kumuuliza. Fundi anayefanyia kazi nyumbani ana watoto, ana paa linaloweza kuvuja na ana mchwa kama sisi sote.

Hewa ya Bagamoyo unaijua. Unyevu wake ukizidi asilimia 65 kwa muda mrefu, ukungu huota kwenye karatasi na ngozi, na wengi wetu hukimbilia kukianika kitabu juani, jua likaikausha ngozi mpaka ikapasuka na wino ukafifia. Kianike kivulini penye upepo, na ukungu uliokwisha kukauka ufagiliwe nje ya nyumba, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa. Kasha likiwa la kadibodi ya kahawia, usiiache iguse kitabu, kwa maana ina asidi. Kifunge kwanza kwa bafta iliyofuliwa mpaka dondo lote limetoka, kwa sababu dondo ni chakula cha wadudu. Majani ya mwarobaini, kama unayaamini, yakae kabatini na yasiingizwe katikati ya kurasa, ambako yatatoa unyevu na kuacha madoa.

Tena tunacho hapa hapa Bagamoyo chuo cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka. Si lazima wakutengenezee, ila kwenda kuwauliza hakuna gharama.

Binti wa Dunda (Bagamoyo)

Shikamoo mzee wangu, na nawashukuru nyote. Nimerudi kwa fundi jana baada ya alasiri nikiwa na hofu kwamba ataona nimekuja kumfundisha kazi. Hakuona hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba wateja wake wote humwambia kitu kimoja, kiwe kipya, na hakuna aliyewahi kumwambia asikate. Gundi ya ngano anaijua, mwalimu wake aliitumia, yeye aliiacha kwa sababu huchelewa kukauka na watu wana haraka. Uzi wa kitani hana, ameniomba wiki moja autafute Dar es Salaam.

Tumegawanya kazi kama alivyoshauri ndugu wa Makorora. Cha zamani ni shilingi 160,000 bila dhahabu wala ngozi bandia, kipya ni 90,000, na muda ni wiki 6. Malipo yatakuwa mara tatu: pesa ya vifaa sasa, nyingine karatasi zikishatibiwa na kabla hazijashonwa, ili nipate kwenda kuzihesabu, na ya mwisho siku ya kuchukua. Nimempa pia kitabu kibovu cha madrasa kisicho na mtu wa kukidai, ajaribu juu yake ule ukanda wa ngozi mgongoni kwanza. Ami zangu wamekubali, isipokuwa mmoja anayetaka kuwepo siku ya kuhesabu, na nimemwambia karibu.

Yamebaki maswali mawili. Kitabu kipya kichapwe juu ya karatasi gani? Na zile karatasi ishirini zilizochomoka hazina namba; tutajuaje zinakaa wapi? Za kasida wazee watazipanga kwa kuwa wamezihifadhi vichwani, lakini za kumbukumbu hakuna anayezijua.

Sindano na Uzi (Makorora, Tanga)

La karatasi ni rahisi ingawa wengi huliruka. Kurasa zako 192 zitakaa juu ya karatasi 48 za A4 zilizokunjwa katikati, yaani mafungu 12 ya karatasi nne nne. Sasa karatasi ina mwelekeo wa nyuzi, na ikikunjwa kwa kuufuata hutii, ikikunjwa kwa kuukata hugoma. A4 ya kawaida ya dukani nyuzi zake huenda kwa urefu, kwa hiyo ukiikunja katikati kitabu kitakuwa kigumu, kitajifunga chenyewe msomaji akiachia mkono. Mwambie fundi anunue A3 ambayo nyuzi zake zinakwenda kwa urefu, aikate katikati apate A4 mbili, na hapo nyuzi zitalingana na mgongo. Kuijua ni kuipinda tu pande zote mbili bila kuikunja, inapopinda kwa urahisi, nyuzi zinakwenda sambamba na mstari wa mpindo huo. Na mchapaji aambiwe kwa maandishi kwamba kurasa zinapangwa kutoka kulia, la sivyo kompyuta yake itazipanga kwa mazoea.

La kupanga zilizochomoka, tazama chini ya kila ukurasa wa kulia, kwenye pembe ya kushoto. Waandishi wengi wa hati ya Kiarabu waliweka hapo neno moja dogo, limejitenga na mistari, mara nyingine limeinama. Neno hilo si sehemu ya ukurasa ule, ni neno la kwanza la ukurasa unaofuata, limewekwa makusudi ili mjalidi asipotee. Kama babu yako alifundishwa kwa utaratibu huo, kazi imekwisha. Zikishakaa sawa, andikeni namba kwa penseli laini kwenye pembe tupu ya kila karatasi kabla uzi wa zamani haujakatwa.

Binti wa Dunda (Bagamoyo)

Yapo! Yapo mpaka kwenye kurasa za madeni, na sisi miaka yote tulidhani ni makosa aliyoyaacha bila kuyafuta. Tumekaa jana usiku mimi na ami yangu, yule mwenye shaka, tukazipanga zote ishirini, na zikakaa. Moja tu haikuwa na mwenziwe: neno la chini lilidai ukurasa unaoanza na "Shaabani", nasi hatukuwa nao. Tuliupata kulipokaribia alfajiri. Haukuwa miongoni mwa zilizochomoka. Umo ndani ya kitabu, umeshonwa kichwa chini katikati ya dua, kwa uzi mweupe usiofanana na mwingine, kumbe kitabu hiki kilikwisha kutengenezwa mara moja kabla yetu. Juu yake kumeandikwa kuzaliwa kwa ami mwenyewe. Nimemwandikia fundi ujumbe kwamba karatasi hiyo aifungue ya kwanza, na ule uzi mweupe auweke kwenye bahasha pamoja na mingine.